Waya umechomekwa, picha haipo

Simu ninazopigiwa na ndugu kuhusu deki za DVD hufanana sana. "Mwanangu, taa inawaka, diski inazunguka, lakini TV imeandika No Signal." Shangazi huanza hivyo, mjomba huanza hivyo, na binamu yangu msomi naye huanza hivyo hivyo. Kwa miaka niliyowasikiliza nimeona kwamba ni nadra ubovu kuwa kwenye deki au kwenye TV. Vyote viwili ni vizima. Kinachokosekana ni makubaliano kati yao, na makubaliano hayo ni matatu.

La kwanza ni waya: utoke kwenye tundu la kutolea la deki, uingie kwenye tundu la kupokelea la TV. La pili ni TV yenyewe: iambiwe kwa rimoti isikilize tundu lipi. La tatu ni deki: iambiwe, ndani ya menyu yake, itoe picha na sauti kwa mfumo gani. Wengi huishia la kwanza, wachache hufika la pili, na la tatu karibu kila mtu halijui. Hilo la tatu ndilo limenifanya nikae niandike.

Najua wapo watakaouliza kwa nini nihangaike na deki wakati kila kitu kipo kwenye simu. Si kila kitu. Diski ya harusi ya kaka yangu haipo kwenye simu ya mtu yeyote. Ipo na diski nyingine ambayo babu yetu anazungumza kwa dakika kadhaa, amekaa kwenye kiti cha mbao, na ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Mtu anayekaa mbele ya TV kutazama diski ya namna hiyo anastahili picha safi na maneno yanayosikika.

Kabla ya kushika waya wowote, zima vyote viwili na uvichomoe kwenye umeme. Deki nyingi na TV nyingi hazina waya wa ardhi kwenye plagi, kwa hiyo chuma cha nyuma na vile vikombe vya matundu huweza kubeba umeme mdogo unaovuja kupitia vichujio vya ndani. Ndio ule mtekenyo unaousikia vidoleni ukigusa jeki huku mkono mwingine umeshika antena. Kwa mtu ni mtekenyo tu, lakini kwa tundu la HDMI, lile bapa linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja, ambalo vipuri vyake ni dhaifu, unaweza kuwa ndio mwisho wake. Na kama TV yako ni ya chogo, yaani ile nene ya zamani yenye bomba la picha, usifungue mfuniko wa nyuma kwa sababu yoyote ile. Bomba la picha huweza kubaki na volti maelfu hata baada ya TV kuzimwa.

Sasa geuza deki, au kama haigeuki ingiza tochi ya simu nyuma yake, usome. Anza na maandishi, rangi zije baadaye. Kwenye deki, matundu ya picha yameandikwa OUT, kwa sababu kazi ya deki ni kutoa. Kwenye TV tafuta IN. Angalia vizuri hapa, kwa maana TV nyingi za chogo zina safu mbili nyuma, moja ya IN na nyingine ya OUT, rangi ni zile zile na mpangilio ni ule ule. Safu ya OUT ya TV ni ya kupeleka picha ya TV kwenye kifaa kingine. Ukichomeka deki hapo, ni midomo miwili inaongea na hakuna sikio. TV itakaa kimya siku nzima na hakuna kitakachoungua, ndiyo maana mtu huweza kurudia kosa hilo mara nyingi bila kulishtukia.

Njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Jeki hizi za RCA zina umri mkubwa kuliko TV za rangi: zilianza kwenye redio na gramafoni za kampuni ya Radio Corporation of America miaka ya 1930, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kwa kuwa umbo ni moja, jeki yoyote huingia kwenye tundu lolote, na rangi ipo kwa ajili ya macho yako tu. Umeme hauijui. Ndiyo maana waya wa njano ukikatika unaweza kuchukua ule mweupe, ukauchomeka kwenye tundu la njano huku na huku, na picha ikaja. Waya wa picha uliotengenezwa vizuri una kipimo cha omu 75 na kinga nene zaidi, lakini kwa urefu wa mita moja au mbili hutaona tofauti. Nimewaambia hivi watu waliokuwa wameshakata tamaa, na picha yao ikarudi hapo hapo.

Ukisikia spika inanguruma kwa sauti nzito isiyokoma mara tu unapowasha deki, basi waya wa picha umeingia kwenye tundu la sauti. Ukisikia mvumo mdogo uliochanganyika na muziki, mara nyingi ni kikombe cha nje cha jeki hakijabana vizuri. Pini ya katikati huingia mapema, kikombe hubaki kinaning'inia. Sukuma hadi mwisho. Kama kimelegea, kibane kidogo sana kwa koleo, kwa upole, maana chuma chake ni chembamba. TV yenye tundu moja tu la sauti ipe ule mweupe, kisha ingia kwenye menyu ya deki uhakikishe sauti haikuwekwa upande mmoja pekee.

Makubaliano ya pili ni mepesi. Kwenye rimoti ya TV tafuta kitufe kilichoandikwa SOURCE, INPUT, AV au TV/AV, au chenye mchoro wa kisanduku na mshale unaoingia ndani. Baadhi ya chogo ambazo rimoti zake zimepotea huifikia AV ukishuka kwa kitufe cha CH hadi chini ya chaneli ya kwanza. Usiweke diski bado. Washa deki ikiwa tupu: karibu deki zote huonyesha picha yao ya mwanzo, jina la kampuni juu ya rangi ya bluu au nyeusi. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Na hata kama haijatokea, kioo kinakwambia jambo. Ukiona chenga, TV bado inasikiliza antena na hujaitoa huko. Ukiona weusi au bluu tulivu na maandishi ya AV1 pembeni, TV imeshageuka kusikiliza, ila hakuna kinachoifikia: aidha umechagua AV siyo, au waya haupo mahali pake, au deki inatoa picha kwa mlango mwingine.

Kwa mlango mwingine. Hapo ndipo tunafika la tatu.

Deki ya kawaida ina njia zaidi ya moja ya kutolea picha. Waya wa njano unabeba mwangaza na rangi vikiwa vimechanganywa kwenye waya mmoja, na TV inalazimika kuvitenganisha upya. Haivitenganishi kikamilifu. Tazama ukingo wa maandishi mekundu juu ya sehemu nyeusi, utaona vidoti vinatambaa. Tazama mtu aliyevaa shati la mistari myembamba, shati linametameta rangi za upinde wa mvua ambazo hazimo kwenye kitambaa. Diski haina kosa hapo, kasoro hiyo huzaliwa kwenye mchanganyiko. Tundu dogo la duara lenye mashimo manne, S-Video, hutenga mwangaza na rangi. Na yale matundu matatu ya kijani, bluu na nyekundu, yanayoitwa komponenti, hutenga zaidi: kijani hubeba mwangaza wote, bluu na nyekundu hubeba tofauti za rangi. Kwa nyaya za analojia, komponenti ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nasikitika ninapoona deki yenye matundu hayo imeunganishwa kwa njano wakati TV nayo inayo.

Kwa hiyo deki ina nyekundu mbili. Moja ni sauti, nyingine ni picha. Soma maandishi: ya picha ina Pr au Cr, ya sauti ina R peke yake. Nyaya za komponenti hazibebi sauti hata kidogo, hivyo nyeupe na nyekundu ya sauti huchomekwa vile vile kama awali. Jumla ni jeki tano kila upande.

Mamlaka ya kuchagua njia ipi ifanye kazi yamo ndani ya deki. Bonyeza SETUP kwenye rimoti ya deki, nenda kwenye ukurasa wa picha, utakuta mstari unaosema VIDEO OUT au TV OUT, na humo chaguo kadhaa: CVBS au COMPOSITE (ndio waya wa njano), S-VIDEO, YUV au COMPONENT, RGB, P-SCAN. Deki nyingi haziwezi kutoa zote kwa wakati mmoja. Ukiwa umechomeka njano na menyu imewekwa P-SCAN, picha inapotea au inakuja ikiwa imeparaganyika, na hakuna idadi ya kuchomoa na kuchomeka itakayosaidia. P-SCAN maana yake deki inatoa mistari yote ya picha kwa mpigo, badala ya kutoa mistari ya namba witiri na ya namba shufwa kwa zamu. Waya wa njano hauwezi kubeba hivyo, na TV za chogo za kawaida haziwezi kupokea hivyo hata kwa komponenti.

Tatizo ni kwamba menyu yenyewe inaonekana kwenye TV ile ile isiyo na picha. Mtoto amebonyeza vitufe, menyu imehama, sasa kioo ni cheusi na huoni pa kurudi. Usikate tamaa. Toa diski kwanza, deki ibaki tupu, kwa sababu deki nyingi hukataa kubadilisha mfumo wa picha diski ikiwa inacheza. Kisha kwenye rimoti ya deki tafuta kitufe chenye jina kama V-MODE, VIDEO, P-SCAN au TV MODE. Kibonyeze mara moja, subiri pumzi tatu, tazama. Kibonyeze tena, subiri. Kila kubonyeza ni mfumo mmoja, na mmojawapo ni wako. Wanaoshindwa hapa ni wale wanaobonyeza haraka haraka wakaupita mfumo sahihi kabla TV haijapata muda wa kuuonyesha. Kama rimoti haina kitufe hicho, azima TV nyingine au tumia njia nyingine ya waya ili uione menyu, halafu urekebishe.

Shangazi yangu alitazama diski zake bila rangi kwa muda mrefu na akaamini deki imezeeka. TV yake ilikuwa flati, na nyuma yake hakukuwa na tundu la njano. Kulikuwa na la kijani tu, lenye duara nusu kijani nusu njano, na maandishi Y/VIDEO. Tundu hilo linatumika kwa kazi mbili, kijani cha komponenti au njano ya kawaida, na TV inataka uiambie kwenye SOURCE ni ipi kati ya hizo. Fundi alichomeka njano pale, ambako ni sahihi, lakini SOURCE ikabaki kwenye Component. TV ikawa inasoma mwangaza pekee na kusubiri rangi kutoka bluu na nyekundu ambazo hazikuwa na kitu. Kubonyeza SOURCE hadi AV kulimrudishia rangi zote. Kama picha yako haina rangi, anza kukagua hapo.

Sababu ya pili ya picha isiyo na rangi ni mifumo miwili ya TV duniani, PAL na NTSC. Diski za PAL zina mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, za NTSC zina mistari 480 na karibu picha 30 kwa sekunde. Chogo ya zamani inayojua PAL peke yake ikipewa NTSC huonyesha picha isiyo na rangi, au picha inayopanda juu bila kutulia. TV flati za leo nyingi hupokea zote. Kwenye menyu ya deki kuna mstari wa TV TYPE au TV SYSTEM wenye PAL, NTSC na AUTO au MULTI. Kwa TV flati weka AUTO, deki itoe kile kilichomo kwenye diski bila kukigeuza. Kwa chogo ya PAL weka PAL, deki igeuze yenyewe.

Na umbo la picha nalo limo humo humo. Watu wamekuwa warefu na wembamba kwenye chogo? Deki imewekwa 16:9, umbo la kioo kipana, wakati kioo ni 4:3. Geuza kuwa 4:3 LB, utapata mistari myeusi juu na chini lakini nyuso zitarudi kuwa nyuso. Kwenye flati ni kinyume chake: ukiona weusi pande zote nne, picha imekaa katikati kama dirisha dogo, deki ingali inafikiri ipo kwenye chogo. Weka 16:9. Ipo na chaguo la 4:3 PS, ambalo hukata pembeni ili kujaza kioo. Siipendi, kwa sababu aliyesimama pembeni ya picha anaondolewa.

Sauti inastahili kuchukuliwa kwa uzito ule ule wa picha, na mara nyingi haichukuliwi. Kuna malalamiko ambayo huwa nayatambua kabla mtu hajamaliza kusema: muziki unasikika vizuri, milango inagongwa, magari yanapita, lakini maneno ya watu yako mbali au hayapo kabisa. Mtu huongeza sauti, muziki unapiga kelele, maneno bado. Deki hiyo imewekwa 5.1. Ina matundu sita ya sauti, na kila moja lina kazi yake: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma mawili, besi moja, na katikati moja. Maneno ya waigizaji kwa kawaida hupelekwa spika ya katikati. Ukiwa umechomeka jeki mbili tu za mbele, umeyaacha maneno ndani ya deki. Ingia kwenye menyu, ukurasa wa sauti au wa spika, kwenye DOWNMIX chagua STEREO au LT/RT. Hapo deki inachanganya sauti za spika nyingine, pamoja na ya katikati, ndani ya zile mbili ulizochomeka. Baadhi ya deki zina jozi mbili tofauti, moja imeandikwa FL na FR, nyingine MIX L na MIX R au L na R tupu. Kwa TV, tumia ile jozi ya pili.

Mwenye sabufa anaweza kupeleka nyeupe na nyekundu moja kwa moja kwenye sabufa, njano ikaenda kwenye TV, na hivyo ndivyo ninavyoshauri. Spika za TV flati ni ndogo na nyingi hutazama chini au nyuma. Ila flati huchelewesha picha kidogo ikiwa inaisafisha, kwa hiyo unaweza kuona midomo inafuata maneno badala ya kwenda nayo. Kwenye TV tafuta hali ya GAME, ambayo hupunguza usafishaji huo, au kwenye deki tafuta AUDIO DELAY.

Tundu jingine la kuangalia ni lile la rangi ya machungwa, wakati mwingine jeusi, lililoandikwa COAXIAL. Linafanana kabisa na la njano na watu huliingizia waya wa picha. Hilo hutoa sauti ya dijitali, halina picha.

HDMI imeondoa mengi ya haya, na kama deki yako inayo na TV inayo, tumia hiyo. Waya mmoja wa pini 19 hubeba picha na sauti zote. Deki za DVD zilianza kuuzwa Japani Novemba 1996, na toleo la kwanza la HDMI lilitoka Desemba 2002, kwa hiyo deki za miaka ya mwanzo hazina tundu hilo. Hata zenye nalo, nyingine huja HDMI ikiwa imezimwa, na kwenye rimoti kuna kitufe cha HDMI cha kuiwasha na kubadilisha ukubwa wa picha. Ukiona weusi, bonyeza kitufe hicho taratibu kama nilivyosema juu ya V-MODE.

Maandishi ya 1080p kwenye deki, yaani picha ya mistari 1080, yasikudanganye. Diski ya DVD ina picha yenye upana wa pikseli 720 na urefu wa 576 au 480, basi. Deki huikuza, haiongezi kilichokosekana. Na kama deki haitaikuza, TV itaikuza yenyewe, maana lazima ijaze kioo. Cha kufanya ni kujaribu: weka deki 576p, tazama nywele na maandishi, kisha weka 1080p, tazama tena palepale. Kwenye flati ya mama, TV inakuza vizuri kuliko deki, nami nimeiacha 576p. Kwenye ya kaka ni kinyume.

Picha ikija kwa HDMI bila sauti, rudi kwenye menyu ya deki, ukurasa wa sauti. Kama imeandikwa RAW au BITSTREAM, deki inatuma sauti ikiwa bado imefungwa, ikitegemea TV iifungue, na TV nyingi haziwezi kufungua sauti ya DTS, mmoja wa mifumo ya kufunga sauti za filamu. Weka PCM. Deki itaifungua yenyewe.

TV nyembamba sana zimeondoa matundu ya RCA na kubakiza kitundu kimoja kama cha earphone kilichoandikwa AV IN. Hicho hutaka waya maalumu: upande mmoja pini moja yenye sehemu nne za chuma zilizotenganishwa, upande wa pili njano, nyeupe na nyekundu. Shida ni kwamba kampuni hazikukubaliana sehemu ipi iwe ya nini. Waya wa kamera ya zamani unaingia vizuri na picha haiji. Kabla ya kuutupa, hamisha jeki ya njano ya deki kwenye nyekundu ya waya huo, kisha kwenye nyeupe. Mara nyingi picha inajificha huko. Ikikataa zote, basi waya wa ardhi umepangwa mahali pengine na hautafaa.

Ikiwa deki ina RCA tu na TV ina HDMI tu, kuna kiboksi cha kugeuza. Kinunue ukitazama mshale: AV kwenda HDMI. Kile cha HDMI kwenda AV kinafanana nacho kwa kila kitu na hakiwezi kufanya kazi kinyumenyume. Vingi hutaka umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB, na kisipopewa hakitoi picha.

Chogo za kale kabisa zina tundu la antena pekee. Hapo panatakiwa modyuleta, kiboksi kinachopokea njano, nyeupe na nyekundu na kutoa mawimbi ya chaneli. Kwa vya NTSC ni chaneli 3 au 4, huchaguliwa kwa swichi ya nyuma. Vya PAL vingi hutumia chaneli za UHF. Unaitafuta kwenye TV kama unavyotafuta stesheni nyingine yoyote. Sauti mara nyingi huwa ya upande mmoja na picha ni hafifu kuliko njano, lakini inatazamika.

Usipitishe deki ya DVD kwenye deki ya mikanda eti kwa sababu TV ina tundu moja. Diski nyingi za filamu zina kinga dhidi ya kunakiliwa, na kinga hiyo huchezea kipimo cha mwangaza ndani ya deki ya mikanda. Utaona picha inafifia na kung'aa, inafifia na kung'aa, na utalaumu waya ambao hauna kosa. Tumia swichi ya AV ya kubonyeza, isiyochuja chochote, au chomeka kwa zamu.

Kuna wakati kila kitu kimekaa sawa na bado diski haichezi. Kama TV inaonyesha menyu ya deki au ujumbe wa REGION, unganisho limekamilika, na swali limehamia kwenye diski. Filamu za dukani hubeba namba ya kanda: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya Magharibi na Japani, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India na Urusi. Diski za harusi na za nyumbani hazina kinga hiyo. Zenyewe huwa na tatizo tofauti: aliyerekodi kwenye DVD-R hakuifunga diski mwishoni. Diski isiyofungwa husomeka kwenye kinasa kilichoirekodi na hukataliwa na deki nyingine. Irudishe kwa aliyeirekodi, au kwa yeyote mwenye kinasa cha aina ile ile, aingie kwenye menyu ya diski, achague FINALIZE, na asizime umeme hadi kazi hiyo iishe.